Mengineyo

Kikao kilifunguliwa saa nane na nusu.
Nusu saa tuliisubiri mvua ipungue;
haikupungua. Mvua ya Tukuyu haijui ratiba.
Ilimwaga changarawe juu ya bati la ukumbi,
na mhandisi Edina Mgaya, mgeni kutoka Njombe,
akafungua mdomo, akaufunga, akafungua tena.

Wa kwanza kucheka alikuwa Ambokile.
"Binti, Mungu anatuletea hadi dirishani,
wewe unataka kutuuzia?"
Ukumbi mzima ukaangua kicheko.
Nami, katibu, nikaandika:
Mjumbe aliomba ufafanuzi.

Uniti moja, kutoka elfu moja mia mbili
hadi elfu moja mia nane na hamsini.

Mhandisi hakujibu. Alitoa kwenye kiroba
kipande cha bomba, urefu wa mkono,
akakilaza juu ya orodha yangu ya mahudhurio.
Kutu imeganda ndani kama ugali ulioungulia,
kidole cha mtoto kisingepita.
"Kimetoka chini ya barabara ya sokoni.
Mnachokunywa kinapenya humu."

Kikapita mkono hadi mkono,
kila mtu akichungulia, akijifuta kwenye nguo,
mpaka kikafika kwa Ambokile, kikaishia hapo.
"Hili nililifukia mimi," akasema. "Mwaka sabini na sita,
jembe langu, siku zangu za kujitolea.
Nilichungulia upande huu
nikamwona marehemu kaka yangu upande wa pili, anacheka."
Akaliweka mapajani. Hakulipitisha.

Subilaga wa mgahawani akasimama:
"Pandisheni, lakini maji yaje.
Mwezi wa kumi nimelipia upepo.
Bomba linakohoa, mita inazunguka."

Muuguzi Anyisile, bila kusimama:
"Kwetu mzazi anakuja na khanga, mume na ndoo mbili.
Mume anaweza kukosekana."

Na Gwantwa, mlangoni, mtoto mgongoni,
nusu ya mwili wake ikinyeshewa:
"Mimi sina mita. Nanunua kwa Lusajo, ndoo shilingi mia.
Mkimwongezea yeye shilingi, ananiongezea mimi noti.
Kikao changu mimi kinakaa wapi?"
Lusajo akatazama viatu vyake. Vilikuwa vipya.

Hapo ndipo mhandisi akasoma takwimu.
Ndoo kumi zikitoka tangini,
nne hazifiki kwenye hesabu.
"Nyingine zinavuja. Nyingine,"
akaitazama karatasi, hakumtazama mtu,
"zinajua zinakokwenda."
Nikaandika, polepole, kwa hati nzuri:
Upotevu wa maji: asilimia arobaini.

Mikono ikahesabiwa.
Waliokubali, thelathini na mmoja.
Waliokataa, thelathini na mmoja.
Mwenyekiti akanigeukia: "Katibu, wewe je?"
"Katibu hapigi kura," nikasema,
na hakuna aliyejua kama ni kweli.
Suala likaahirishwa hadi baada ya mavuno ya viazi.
Ambokile aliondoka na bomba ndani ya koti.
Mhandisi alimwona. Akamwacha.

Usiku nilizunguka nyuma ya migomba,
nikafunua gunia.
Mita yangu imesimama kwenye tarakimu ileile
tangu Pasaka ya mwaka juzi;
fundi alichukua elfu kumi na tano na jogoo.
Nikafungua koki. Maji yakaja, mengi, ya baridi,
bila kikohozi.
Namba hazikutikisika.
Nilisimama pale, mvua ikiniingia shingoni,
nikijaribu kukumbuka ndoo ya Gwantwa ina rangi gani.

Nikarudi ndani kumalizia muhtasari.
Ajenda ya sita: Mengineyo.
Kalamu ikakaa juu ya nukta mbili
hadi wino ukaanza kusambaa.
Nikaandika: Hapakuwa na mengineyo.

Kisha nikainuka, nikanawa mikono.