Ijumaa, Hombolo

Kipaza sauti kimesema dunia inaisha Jumapili.
Ndahani kauza mbuzi wake wawili,
bei ya kutupa.

Tirza Myahudi yumo mizabibuni tangu alfajiri,
mkasi mkononi, anapogoa.
"Hujasikia?"
"Nimesikia. Shika kamba hapa."

Kwao, anasema, wapiga hesabu za siku ile
walikuwepo tangu kale, na wote wamezikwa.
Mungu kazi aliiachia nusu, makusudi:
uwele huota,
ugali hauoti.

Kamba nikaikaza.
Mstari wa saba mpira unavuja.
"Huo leo, kabla jua halijazama.
Kesho sishiki kazi."

Na Jumapili?

Akaligeuza tawi,
akalikata juu ya jicho la pili.
"Hili," akasema, "la Agosti."