Kipande Kimoja Hakijaonekana

Aliileta Jumatatu kwa pikapu ya kukodi,
imefungwa kamba za katani kama mbuzi wa mahari:
injini ya silinda moja, rangi ya kijani imebabuka,
inanuka tope la Nyumba ya Mungu.
"Inachemka," akasema Mzee Eliawony,
baharia aliyestaafu meli, akashindwa kustaafu maji.
"Dakika kumi tu geji inapanda, nazima, natweka tanga,
na upepo wa bwawa lile, mama, haupokei amri."

Mimi ni fundi wa Pasua. Nimefungua Fuso, trekta za miwa,
mashine za kukoboa, hata jenereta ya ukumbini
iliyozimika bibi harusi akiwa mlangoni.
Mashua, sijawahi.
Nikaizunguka mara mbili, nikauliza: "Rejeta iko wapi?"
Akacheka hadi akakalia tairi.
"Rejeta yake ni bwawa zima."

Basi. Injini inayokunywa inapoogelea.

Alishabadili oili. Alishang'oa themostati akaitupa.
Alishalaumu jua, dizeli ya magendo, na shemeji aliyemuuzia.
Nikamwacha aseme. Mgonjwa ana haki ya kutaja wachawi wake.

Nikajaza pipa maji ya bomba (siku hiyo yalikuwepo),
nikatumbukiza hosi, nikapiga hendeli.
Ikashika. Mabati ya banda yakaitikia.
Kwenye ekzosi maji yalitoka kama kikohozi,
kikohozi, kimya, kikohozi,
halafu mvuke mweupe mtupu,
na vijana wa banda la jirani wakapiga kelele:
"Moshi ndani ya Moshi!"
Utani mzee kuliko reli. Nikacheka kidogo, nikazima.

Mama yangu, kule Kibosho, maji yakikatika shambani
hakugombana na migomba.
Alichukua jembe akaufuata mfongo kwenda juu,
mkono ndani ya maji,
mpaka alipokuta jani, au jiwe, au jirani.

Nikaweka kiganja kwenye hosi ya kwanza: baridi.
Ya pili: baridi, lakini hafifu, kama mshipa wa mtu aliyezimia.
Pampu: moto.
Hapo.

Skrubu nne; moja ina kutu, ikanila saa nzima.
Kifuniko kikatoka, na ndani yake
ua la mpira mweusi lenye mabawa sita.
Yalipaswa kuwa sita.
Matatu yapo. Matatu vishina tu.

"Umeipata!" Tayari anampigia mtu wa vipuri Tanga.
"Tunaweka jipya, kesho niko majini."
Nikamwambia, ngoja.
Kilichovunjika hakiyeyuki, mzee.
Mabawa matatu yameondoka hapa na maji. Yameenda wapi?

Akanyamaza. Simu akairudisha mfukoni.
Tukafuata mfongo, safari hii kwenda chini.
La kwanza kwenye kiwiko cha hosi, limejikunja kama mende.
La pili mdomoni mwa mirija ya shaba;
nililidokoa kwa spoki ya baiskeli,
na nyuma yake akatoka konokono mdogo, mkavu, mzima.
La tatu tulilitafuta mpaka adhana ya magharibi, kisha kwa tochi.
Tulipuliza, tukasukutua kwa siki,
tukaitikisa mirija kama kibubu.
Hatukulipata.

Alhamisi ua jipya likafika kwa basi, limefungwa ndani ya soksi.
Saa nzima injini iliunguruma, maji yakimwagika bila kukohoa,
geji imetulia, na kiganja changu juu ya silinda nacho kimetulia.
Akalipa. Alitaka kuzidisha, nikamrudishia elfu tano.
Kwenye risiti nikaandika: pampu, gasketi, siku nne,
na chini, kwa herufi kubwa kwa kuwa macho yake si mazuri:
KIPANDE KIMOJA HAKIJAONEKANA.
TAZAMA MAJI YANAVYOTOKA, USITAZAME GEJI PEKE YAKE.

Akaisoma mara mbili, akaikunja ndogo,
akaiweka pale wengine wanapoweka leseni.