Ganda la Hindi, Mguu wa Kushoto

Dirisha la jiko la shule halina kioo.
Lina ubao wa kupokelea mabakuli, na nyuma yake niko mimi, Lindaura,
mwiko mkononi, uji wa mahindi meupe na tui ukitokota.
Bati la uwanjani limeinama, linawakata vichwa:
mwaka wa kumi na tisa huu, nawajua watoto kwa miguu yao.

Caíque nilimjua kwa kujikwaa.
Jiwe halikuwepo, uwanja wetu ni saruji tupu.
Alijikwaa kwa mguu wake mwenyewe,
miguu miwili ikigombea mlango mmoja.
Bakuli lake likifika mezani, nusu ya uji imebaki njiani.
Kifungo cha kwanza, tundu la tatu.
Kamba za viatu nilimfungia mimi, asubuhi na mchana,
na mama yake, Jucélia, akisema: mvivu huyu, kafanana na babake.

Mei ilipokwisha, mvua ikatuaga,
Paraíba nzima ikaanza kunusa Juni: kuni, fataki, mahindi mabichi.
Mwalimu Rosineide akawapanga wawili wawili.
Akasema: kushoto!
Nusu ya darasa ikaenda kulia,
nusu ikatazama gari la gesi lililokuwa likipita langoni.

Hakufoka. Alikuja dirishani kuniomba maganda.
Akamfunga kila mtoto ganda la hindi kwenye kifundo cha kushoto,
na kulia utepe wa buluu, uliochanwa kwenye pazia kuukuu.
Ganda! Utepe! Ganda, ganda, utepe!
Saruji ikaanza kusema chakara, kimya,
chakara, chakara, kimya.

Sikucheka. Mimi pia najua kushoto kwa kovu:
mafuta yaliniunguza kiganja nikiwa na miaka minane,
na hadi leo, mtu akiniuliza njia, naliuliza kovu kwanza.
Kushoto ni jina tu.
Jina lisilo na pa kushika huteleza kama sabuni.

Mkuu wa shule, Bwana Evilásio, alichungulia mara mbili.
Hesabu haziingii kwa visigino, alisema,
huku kidole chake kikigonga fremu ya mlango,
moja mbili, moja mbili,
mwenyewe hana habari.

Eloá, mwenzi wa Caíque, alimvuta kama mbuzi wa mnada.
Wakagongana paji kwa paji. Wakagongana tena.
Wiki ya pili wakagongana mabega tu.
Wiki ya tatu pakawa na nafasi kati yao, upana wa daftari,
na hakuna aliyewachorea mahali mwili wa mmoja unapokomea.
Mimi, miaka hamsini na minane, nyonga yangu bado inaligonga jiko.

Afisa akaja na fomu ya visanduku:
mizani, mwendo, upande, jicho na mkono.
Akatia alama, akala mabakuli mawili, akasifu tui.
Hakuniuliza. Ningemwambia
kwamba tangu Jumanne sijadeki njia ya kwenda meza ya nne.

Usiku wa sikukuu, ndani ya handaki la mikono,
ganda la Caíque likadondoka. Utepe ulishapotea tangu mchana.
Mstari wote ukasimama nyuma yake, kofia za ukili zikigongana.
Akatazama chini: vifundo viwili vitupu, ndugu mapacha.
Akodiani ikaendelea, haikuona kitu.
Nikafumba kiganja changu juu ya kovu.
Akainua mmoja. Akaushusha.
Akainua mwingine,
akakanyaga.

Ulikuwa wa kushoto? Alikuwa amenielekea,
kushoto kwake ni kulia kwangu, na hapo nikapotea mimi.
Lakini mstari ulimfuata.

Jumatatu alikuja viatu vimefungwa,
fundo baya, limekazwa kama deni la dukani.
Nimefunga mwenyewe, akasema, usiguse.
Kufika mapumziko linambana, halifunguki.
Nikachukua kisu cha vitunguu,
nikapiga magoti mbele yake,
nikamwuliza tuanze na upi.