Filamu Ilipofika Kwetu

Wameileta filamu yetu kwa meli ya shehena,
pamoja na vitunguu, matairi na barua za benki.
Shuka jeupe limetundikwa ukumbini
na kijiji kizima, watu mia na sabini,
tumeketi na makoti yetu tujitazame.

Yule ni wewe, wananiambia.
Mrefu yule, meno yamepangika,
glavu zake zinang'aa kama samaki wa leo.
Mimi nilidaka kwa glavu za kiwandani, za kumenyea uduvi,
rangi ya machungwa, zenye harufu isiyosikia sabuni.
Golikipa gani huvaa hereni?
Nivikka ananikanyaga mguu ninyamaze.

Filamuni uwanja una nyasi.
Loo, nyasi!
Kwetu theluji ikiondoka mwezi Juni hubaki changarawe,
na magoti yetu yaliijua punje kwa punje.
Mpira ukipaa nyuma ya goli la magharibi
Aviaja alichukua kasia akaufuata baharini
kati ya vilima vya barafu, nasi tukangoja,
mara nyingine robo saa, tukiua mbu.
Hilo hawakulipiga picha.

Filamuni kocha anatoa hotuba:
machozi, vinanda, mkono kifuani.
Kocha wetu Enok, fundi wa majenereta,
alikuwa na kigugumizi. Wakati wa mapumziko,
tukiwa nyuma kwa mabao manne,
alitutazama mmoja mmoja, akasema,
"Ch-chai ipo."
Sijanywa tena chai kama ile.

Tulikuwa kumi.
Wa kumi na moja, Paninnguaq,
alijifungulia mashuani siku ya pili ya safari,
katikati ya nyavu na mifuko ya viatu.
Mtoto tukamviringisha kwa jezi namba saba,
kwa hiyo namba saba haikucheza.
Filamu imemfuta mtoto.
Watu hawataamini, alisema mwenye kamera.

Na sasa dakika ya mwisho, penalti.
Yule mrefu anaruka kulia, anaupangua,
filimbi, kombe, anabebwa mabegani.
Ukumbi unalipuka. Hata mimi nimesimama
naupigia makofi uongo ule mtamu;
ukikaribishwa asali, huulizi nyuki ni wa nani.

Lakini mimi niliruka kushoto
na mpira ukaenda kulia.
Tano kwa moja.

Ila ile moja!
Mvua ya mawe, Aviaja, shuti la ncha ya kidole,
mpira ukabingirika taratibu
kama mtu anayetafuta funguo zake,
ukampita beki, ukampita golikipa wa Nuuk,
ukaingia.
Tulirukiana sote kumi
hata mwamuzi akachomoa kadi,
hakujua ampe nani,
akairudisha mfukoni.

Siku tatu za kurudi tuliisimulia ile moja,
na kila bandari ilipigwa kutoka mbali zaidi.
Tulipofunga kamba gatini kwetu
ilikwisha kupigwa kutoka katikati ya uwanja.
Basi wa kamera nitawalaumu kwa lipi?

Taa zinawashwa. Ni saa tano usiku
na jua liko pale pale, halijui kulala.
Watoto wamekwisha kutoka mbio changaraweni,
wanagawana majina: wewe Aviaja, wewe mwamuzi,
wewe Enok, na usisahau kigugumizi.
Ivalu, yule wa jezi namba saba,
sasa ana miaka kumi na mmoja na pengo mdomoni.
Golini nakaa mimi, anasema,
na anataja jina langu,
langu, si la yule mrefu.

Mpira unapigwa kulia.
Anaruka kushoto.
Kwa mwili mzima, kushoto,
anaamka na changarawe kiwikoni
akicheka kama aliyedaka.

Namgeukia mama yake.
Paninnguaq ameinama,
anajifanya kafungukiwa na kamba ya kiatu.