Kifaa cha Saba

Bando la mwezi limekwisha tarehe kumi na tisa.
Mwajabu anasema ni katuni za Mwasiti,
Mwasiti anasema ni mpira wangu,
na mimi, niliyezeekea kwenye kuhesabu magunia
ghalani kwa chama cha msingi,
najua gunia halijitoboi lenyewe.

Basi usiku, Newala imejitanda ukungu
hata taa ya jirani imebaki doa la samli,
nikakaa mkekani na simu. Ruta inakonyeza rafuni.
Nikafungua ukurasa wake kwa zile namba
za kibandiko kilichofifia tumboni mwake.
*Vifaa vilivyounganishwa: 7.*

Nikaita majina kama siku ya mnada.
Simu yangu, ipo.
Simu ya Mwajabu, inachajiwa jikoni, ipo.
Televisheni, imezimwa ila haijalala.
Tableti ya Mwasiti yenye ufa.
Kompyuta ya kazini niliyoapa sitaileta nyumbani.
Cha sita kilinitoa jasho, herufi na tarakimu tupu
zimesokotana kama mizizi ya mhogo;
kumbe king'amuzi.

Cha saba kina jina.
*Simu ya Somoe.*
Jina nililiandika mwenyewe, siku tuliyoinunua Masasi,
yeye akicheka kwamba vidole vyangu ni vya kufunga magunia.

Miezi minane hii dada yangu hajanisalimu.
Mikorosho kumi na minne ya Kitangari:
yeye anasema mama alimwachia kwa mdomo,
mimi nina karatasi.
Kwenye msiba wa mzee Chinguile
alipitisha sinia la ubwabwa juu ya mikono yangu
kana kwamba mimi ni nguzo ya turubai.

Mdomo umesusa.
Simu haikuambiwa.
Kila jioni imevuka ukuta bila hodi,
ikataja nenosiri, ikaingia, ikakaa.
Na nenosiri lenyewe? *Asumini1958*.
Jina la mama, na mwaka aliodhani amezaliwa.

Kuna kitufe kimeandikwa *Zuia*.
Sikukibonyeza.
Nilifanya la kitoto zaidi: niling'oa waya.

Ng'ambo ya ukuta, sauti niliyokuwa naisikia
bila kujua kwamba naisikia,
ya mwalimu fulani wa hesabu, wa kwenye video,
ikakatika katikati ya kugawanya.

"Mama, mtandao umekata."
Abilahi. Darasa la saba. Mtihani wiki tatu zijazo,
na mjomba mtu nimejua hivyo kwa kuhesabu vidoleni.
"Ngoja," akasema Somoe. "Utarudi.
Wa mjomba wako haukatiki sana."

Wa mjomba wako.
Nikabaki na waya mkononi kama mwizi wa kuku.

Huku kwetu juu maji ni habari nzito.
Mama alikuwa na kisima cha mvua nyuma ya nyumba,
na kiangazi, ndoo ikiwa na bei ya kuapia,
hakutia kufuli mfuniko.
Usiku tulisikia kamba, tulisikia kata ikigonga saruji.
Mimi nilitaka kutoka na kurunzi.
Mama akanivuta shuka:
"Anayechota usiku ana aibu yake. Usimwongezee taa."

Nikachomeka waya.
Ruta ilichukua muda wake, nyekundu, nyekundu,
kisha ikaanza tena kukonyeza.
Nikaufungua ule ukurasa. Vinne. Vitano.
Sita, nikasubiri; nikasubiri mpaka mguu ukafa ganzi.
Saba.
Mwalimu akaendelea kugawanya.

Asubuhi Somoe alipita uani na ndoo yake,
macho mbele, shingo kama ya askari.
Hakunisalimu. Nami sikukohoa.
Karatasi iko palepale, chini ya godoro.

"Umemwona anayemaliza bando?" akauliza Mwajabu.
Nikakoroga chai ambayo haikuwa na sukari.
"Nimemwona," nikasema.
"Ni mpira wangu."