Zaidi au Pungufu

Bomba limefika kutoka mlimani likiwa limeviringishwa blanketi.
Mlinzi wa lango la Chiromo akauliza kama ni maiti.
Nikamwambia ni tope.
Akaandika kitabuni: tope, moja.

Mita moja na sentimita kumi na nane za sakafu ya ziwa dogo
lililo juu kule ambako hata mianzi imekata tamaa.
Nalipasua kwa uzi wa gitaa, ule mwembamba kuliko zote,
na nusu mbili zinalala mezani zikitoa harufu ya mayai viza,
ya majani yaliyooza kabla ya reli,
kabla mahali hapa pa maji baridi hapajaitwa jiji.

Wahenga walisema maji yakimwagika hayazoleki.
Mimi nalipwa kuyazoa,
kwa kijiko cha chai, kidogo kidogo, nikishuka.

Nyeusi ni miaka ya utulivu: chavua, majani,
masizi ya moto uliowashwa na mtu asiye na jina.
Kisha uzi wa kijivu, mchanga wenye haraka,
chembe kubwa chini, ndogo juu,
maana maji yakichoka huangusha kwanza kilicho kizito.
Hiyo ndiyo gharika. Ukucha una unene kuliko hiyo.
Nyeusi, nyeusi, nyeusi, kijivu.
Nimehesabu thelathini na saba.
Huja kwa makundi, kama wageni wa msiba,
halafu kimya cha vizazi viwili.

Daktari Muthengi huzipanga kando ya joto la bahari
na kusema, huku akitafuna karanga:
bahari ikishikwa na homa, mlima ndio hutoka jasho.
Akifika safu za juu kabisa huacha kutafuna.
Hapo kijivu kimekaribiana na kijivu
hadi uzi wangu haupati pa kupita.

Tulipeleka kijiti ng'ambo, kidogo kuliko njiti ya kiberiti, kipimwe umri.
Jibu limerudi: miaka mia sita na kumi,
zaidi au pungufu arobaini.

Arobaini.
Kwamboka wa mlango wa tatu alikuwa na thelathini na tisa.
Angeenea mle ndani mzima,
na ubatizo, na watoto, na kiosko cha mihogo pale darajani Mathare,
na mwaka mmoja ukabaki.

Usiku ule nilisikia sufuria zikigongana.
Nilidhani ni yeye, ameamka mapema kumenya.
Nikageukia ukuta.

Asubuhi mto ulikuwa umeuchora ukuta huo mstari,
wa kahawia, ulionyooka kuliko wa fundi,
kifuani kwangu, shingoni kwake.
Niliupima kwa rula ya maabara.
Mita moja, sentimita thelathini na mbili.
Sikujua nimwandikie nani.

Jana Gachoka mwenye nyumba alituma kijana na ndoo ya rangi ya maziwa,
maana wapangaji wapya hawapendi kuona.
Nikaomba dakika tano.
Nikaukwangua mstari kwa kisu cha mkate,
tope likaingia ndani ya kichupa cha dawa ya kikohozi.
"Ni dawa?" kijana akauliza.
Nikasema ni hesabu.
Akachovya brashi.

Leo kichupa kimesimama rafuni, namba thelathini na nane.
Lebo ina nafasi tatu.
Kina: nimejaza.
Tarehe: nimejaza, na saa pia, saa tisa na robo usiku.
Zaidi au pungufu:
hapo kalamu ilikaa sana,
mvua ikajaribu mabati ya stoo, ikaacha, ikajaribu tena,
ndipo nikaandika deni langu la mihogo,
shilingi sitini.

Muthengi ataiona Jumatatu.
Ataniambia nirudie.