Saa Moja na Dakika Tano

Kazi yangu ni mizani, uwanja wa ndege, Mtwara.
Weka hapa. Toa. Mwisho kilo ishirini na tatu.
Nimemwona mzee Likumbage wa Nanguruwe
kazidi kilo tatu, akachomoa begini viatu vya sikukuu
akaniachia mimi. Ming'oko hakuigusa:
"Viatu Dar vipo, mwanangu. Hii je?"

Kwa mstari ulionyooka
ni kama kilomita mia nne mpaka Dar es Salaam.
Rubani hapiti Nangurukuru,
hasimami Somanga kununua samaki wa kukaanga,
hapigwi mkono na trafiki.

Mama, kule Naliendele, hapimi kwa kilomita.
"Saa moja na dakika tano," nilimwambia,
"tangu magurudumu yaache lami ya kule
hadi yaguse ya huku."
Akatazama jiko.
"Yaani nikibandika mbaazi Swaumu akiwa Dar,
atanikuta zingali ngumu?"
"Atakukuta hata nazi hujakuna."
Akanyamaza. Kisha, kwa sauti ya mtu anayehesabu chenji:
"Sasa miaka sita yote hii anapita njia gani?"

Mwezi wa kumi na moja, korosho zikiwa ghalani,
Swaumu akapiga simu: Jumamosi, ndege ya asubuhi,
tunaruka saa mbili na robo.
Mama akaloweka mbaazi usiku.
Saa mbili na robo akapuliza moto.

Mimi nilikuwa na orodha mkononi.
Nikaisoma juu chini, chini juu,
kwa kidole, kama mtoto wa darasa la kwanza.
Ndege ikatua, mapangaboi yakazimika,
wakateremka wanunuzi wa korosho na simu zao mbilimbili,
bibi harusi aliyebeba gauni kama mgonjwa,
daktari wa macho.
Viti vilivyokuja vitupu vilikuwa kumi na tisa.

Sikupiga simu nyumbani. Ningesema nini?
Kwamba nauli nayo ni umbali?

Usiku, saa mbili kasorobo, stendi,
akashuka kwenye basi, miguu imevimba,
kwapa moja la shati limefumuka.
Nikampokea begi. Mkono wangu hauhitaji mashine:
kilo nne, pamoja na doti ya kanga ya mama.
"Ndege ilijaa," akasema, anatazama pembeni,
kwenye mishikaki ya watu.
"Ilijaa," nikasema. "Nimeona mwenyewe.
Hata pa kusimama hapakuwepo."
Akacheka kidogo, puani,
akanipokonya begi lake.

Nyumbani mbaazi zilikuwa zimeiva mara mbili,
zimerojeka, zimeshika chini ya sufuria.
Mama hakuuliza saa.
Alizirudisha motoni,
akaongeza tui.